Ukurasa wa Tatu Tumeuacha Wazi

Taasisi ya Kivuko
Kasulu
8 Julai 2024

Mpendwa Mama Esteri,

Shikamoo. Habari za Kibondo, habari za kikundi cha Twese, habari za wajawazito wako? Sisi huku hatujambo. Winnie yuko darasa la kwanza na ameng'oka jino la mbele. Kila wiki ananiuliza lini nitampeleka kwa bibi aliyemwogesha siku aliyozaliwa.

Ningeweza kupiga simu, lakini nakumbuka ulichoniambia nilipokuwa afisa maendeleo ya jamii kwenye kata yenu, kwamba maneno ya simu hayana shahidi. Hili nataka liwe na shahidi. Taasisi yetu imepata mfadhili mpya kutoka nje, na kuanzia mwaka huu kila kazi itafanywa kwa ubia. Tumechoka kujenga kitu, kukata utepe na kuondoka, halafu ukirudi baada ya mwaka unakuta mbuzi wamelala ndani. Sasa Taasisi italeta vifaa na mafundi, halmashauri italeta muuguzi na kiwanja, na kikundi cha wananchi kitaleta nguvu ya jamii. Wote tutakaa meza moja.

Nikawatajia ninyi. Nikasema Kibondo kuna wanawake arobaini na mmoja ambao kwa miaka kumi na miwili wamewapokea wajawazito wanaotoka mbali, Kasanda, Nyabibuye, huko kote, wakawalaza karibu na kituo cha afya mpaka uchungu uwafike, wakawapikia, na hawana hata ofisi. Bosi wangu, Bwana Godson Lyatuu, aliacha chai yake ikapoa. Mama, tukipitishwa mnapata paa la bati badala ya nyasi zinazovuja, vitanda ishirini, tangi la maji na umeme wa jua, na yote kabla ya mvua za Oktoba.

Fomu hii hapa, kurasa nne. Jazeni zote, mtendaji wa kijiji agonge mhuri, mrudishe kabla mwezi haujaisha.

Mwanao,
Herieth Mmbaga
Mratibu wa Ubia


Kibondo
15 Julai 2024

Mwanangu Herieth,

Marahaba. Mwambie Winnie jino alitupe juu ya paa na aombe jipya, na asiombe la dhahabu maana tutaibiwa.

Barua yako niliisomea kikundi tukiwa tunachambua maharage. Walipiga vigelegele mpaka muuguzi akatoka kituoni kuuliza nani kajifungua. Hiyo nguvu ya jamii tumeielewa, ni mchanga, mawe, maji na migongo yetu. Hatuna tatizo nayo. Mchanga tumeanza kusomba tangu jana, kwa sababu Bibi Ndihokubwayo alisema wafadhili ni watu wa haraka kuja na wa haraka kuondoka, bora watukute tumeshika kitu mkononi. Mwenyewe ana miaka themanini na mbili, akabeba ndoo ndogo.

Fomu tumeijaza. Ukurasa wa kwanza, jina la kikundi, viongozi na wanachama wote. Wa pili, kazi tunazofanya. Wa nne, sahihi yangu na mhuri wa mtendaji. Ukurasa wa tatu tumeuacha wazi. Unauliza asili ya kila mwanachama na kila mama aliyelala hapa, tuweke alama kwenye "jamii mwenyeji" au kwenye "waliokuwa wakimbizi na vizazi vyao". Sasa wewe unaijua nyumba hii. Anayefika mlangoni anaulizwa mambo matatu: jina, mimba ina miezi mingapi, na watoto aliowaacha nyumbani wanalala na nani. Halafu anaweka kuni alizobeba na anamimina maharage yake kwenye gunia la wote. Yakishaingia humo hakuna awezaye kusema haya ni ya nani. Daftari letu halina mahali pa asili, kwa hiyo hata tungetaka kukujazia tusingejua pa kunakili.

Waambie wakubwa zako wasikasirike. Kurasa tatu kati ya nne ni nyingi.

Mama yako,
Esteri Ndayikunda
Mwenyekiti, Twese


Kasulu
24 Julai 2024

Mama Esteri,

Shikamoo. Fomu imefika, ahsante, na mchanga umenifurahisha sana. Lakini kiukweli huo ukurasa wa tatu ndio moyo wa jambo lenyewe, na naomba unisikilize hadi mwisho.

Mfadhili huyu ana fungu maalumu la maeneo ambako wenyeji na waliokuwa wakimbizi wanaishi pamoja. Anataka kuona ni wangapi huku na wangapi kule, ili aweze kusema kwao kwamba msaada umejenga maelewano. Bila hizo takwimu faili linafungwa na vitanda vinakwenda wilaya nyingine. Hakuna mtu atakayeyasoma majina. Yataingia kwenye kompyuta na kugeuka asilimia. Mama, ni alama ya kalamu tu, vema au mkato.

Jana mlinzi wetu aliyetoka likizo Kibondo aliniambia amepita kwenu na kuona mabeseni yamepangwa sakafuni kungojea mvua. Nisaidie nikusaidie.

Mwanao,
Herieth


Kibondo
2 Agosti 2024

Herieth,

Nimekusikiliza hadi mwisho, sasa nisikilize na wewe.

Mama yangu alivuka mpaka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili akiwa na mimba yangu. Nilizaliwa hapa hapa, kwenye kibanda cha wazazi wa Bibi Ndihokubwayo, Waha ambao hata ng'ombe wao walikuwa wamezaliwa hapa. Walimpa mama mkeka na uji, na hawakumuuliza chochote isipokuwa mimba ina miezi mingapi. Hiyo sheria ya mlangoni unayodhani niliitunga mimi ni ya kwao.

Tangu hapo nimeandikwa kwenye orodha mara nne. Mara ya kwanza nilikuwa mgongoni. Kila orodha ilikuja na mtu mpole mwenye kalamu aliyesema ni hesabu tu, na baada ya kila orodha lilikuja gari, na watu wakaambiwa wafunge virago, waende huku au warudi kule. Orodha ya nne ndiyo iliyonipa cheti cha uraia. Hiyo niliichezea ngoma. Siku ile nilijiapiza kwamba nimemaliza kuandikwa kitu kingine chochote zaidi ya Mtanzania wa Kibondo, mkulima, mama wa watoto sita.

Ninaogopa, Herieth. Nakuambia waziwazi kwa sababu wewe ni mwanangu. Mwanamke akisikia kwamba hapa jina lake linawekwa upande fulani, atajifungulia njiani kuliko kuja kwetu, na hao ndio hasa tunaowatafuta.

Yusta alisimama kwenye kikao akasema tujaze, orodha hailumi, mkwe wake ana mimba na paa linavuja. Sikumkemea, maana ana haki ya kusema hivyo. Tukapiga kura, na ukurasa umebaki wazi.

Wewe ulipokuja hapa na tumbo la miezi minane, Mpare wa Same, mumeo yuko masomoni Dodoma, miguu imevimba kama mihogo, nani alikuuliza asili yako?

Mama yako,
Esteri Ndayikunda


Kasulu
12 Agosti 2024

Mama Esteri,

Shikamoo. Habari njema! Faili limepita. Usijali tena kuhusu ukurasa wa tatu, hilo nimelishughulikia huku ofisini. Uzinduzi ni Jumamosi tarehe 14 Septemba saa nne asubuhi, Bwana Godson atakuja na mgeni wa mfadhili na watu wa halmashauri. Andaeni turubai na chakula kidogo.

Naandika kwa haraka, gari linaondoka.

Herieth


Kibondo
19 Agosti 2024

Mwanangu,

Barua yako ina mistari michache kuliko bahasha yake. Lakini habari njema haihitaji maneno mengi, kwa hiyo nimeipokea.

Nilitaka kukuuliza umelishughulikiaje, kisha nikajisuta. Mtu akikufungulia mlango hukagui bawaba. Mradi mfadhili ameelewa, mwambie ahsante. Tutapika ugali wa muhogo, maharage na samaki wa migebuka, na Theodosia ameahidi jogoo wake mbaya anayetufukuza uani. Mawe yamefika matripu saba kwa vichwa vyetu.

Wewe utakaa mbele, pembeni yangu. Nimeshawaambia wote kwamba bila wewe hili lisingekuwepo. Njoo na Winnie.

Mama yako,
Esteri


Kibondo
16 Septemba 2024

Herieth,

Bwana Godson alisema unaumwa. Pole kama ni kweli. Kwa kuwa hukuwepo, nitakueleza nilichokiona, ili usije ukasimuliwa na wengine kwa upole.

Walishusha maboksi mawili ya fulana, ya bluu na ya chungwa. Tukafurahi, tukadhani ni saizi. Kisha kijana wa kipaza sauti akafungua karatasi akaanza kutuita kwa majina, mmoja mmoja, mbele ya kijiji kizima. Ya bluu ilikuwa imeandikwa mgongoni "Jamii Mwenyeji". Ya chungwa iliandikwa "Nilikimbia, Nimefika".

Wa tatu kuitwa alikuwa Bibi Ndihokubwayo. Akapewa ya chungwa. Tharsisi, mwenyekiti wa kijiji, ambaye alikuwa amekaa meza kuu na tai yake, alisimama akasema, "Mheshimiwa, samahani, huyo ni mama yangu mzazi." Watu wakacheka. Bibi mwenyewe akaishika fulana, akamwomba mjukuu amsomee, kisha akasema kwa sauti, "Oya, hapana! Mimi nimekimbia nini, mwana wanje, mwanangu? Nilimkimbia mume wangu mara moja, na kesho yake nikarudi." Watu wakacheka zaidi, na hata yule mgeni wa mfadhili akacheka bila kujua anacheka nini.

Halafu Theodosia akaitwa, akapewa ya bluu. Theodosia alivuka mpaka mwaka tisini na tatu akiwa na miaka minane, akimshika mdogo wake mkono. Alisimama na ile bluu mikononi asijue aivae au asiivae. Kucheka kukaisha. Yusta, mzaliwa wa Kasanda, Muha baba na mama, ya chungwa. Mimi nikaitwa wa mwisho, nikavishwa ya chungwa, "mkimbizi wa zamani aliyegeuka kiongozi", na nikaombwa nisogee nipigwe picha na mgeni.

Sikusogea. Nilimwambia Bwana Godson kwamba nina cheti ndani, nikakilete? Akasema, "Mama, takwimu ni takwimu, na zimetoka kwenu." Nikavua ile fulana juu ya gauni langu, nikaikunja vizuri maana fulana haina kosa, nikaiweka juu ya boneti ya gari lao. Akafuata Bibi, akafuata Theodosia. Arobaini na moja zikakaa pale zimekunjwa. Kisha tukawapakulia chakula, kwa sababu mgeni hatoki kwetu na njaa, wakala na wakaondoka.

Sasa nakuuliza. Takwimu zimetoka kwetu kwa njia gani? Nani aliyetugawa?

Esteri Ndayikunda


TAASISI YA KIVUKO
S.L.P., Kasulu
23 Septemba 2024

Mwenyekiti,
Kikundi cha Twese,
Kibondo.

YAH: KUSITISHWA KWA MUDA KWA UBIA WA NYUMBA YA KUSUBIRIA WAJAWAZITO

Husika na mada tajwa hapo juu.

Taasisi imesikitishwa na tukio la tarehe 14 Septemba, ambapo vifaa vya utambulisho vilirejeshwa hadharani mbele ya mwakilishi wa mfadhili. Ningependa kukukumbusha kwamba orodha ya wanachama na asili zao iliwasilishwa ofisini kwetu tarehe 9 Agosti kama ukurasa wa tatu wa fomu yenu, ikiwa imesainiwa kwa niaba ya mwenyekiti na Mratibu wetu, Bi. Herieth Mmbaga, ambaye alituhakikishia kuwa ameijaza kwa maelekezo yenu.

Tunatambua kwamba huenda kuna makosa machache ya majina. Hayo yanarekebishika. Mnapewa siku kumi na nne kuipitia orodha, kuhamisha majina yaliyokosewa kwenda upande sahihi, kuisaini, na kutuma barua ya kuomba radhi. Mkifanya hivyo, ujenzi utaanza mara moja. Msipofanya, vifaa vitaelekezwa kwa kikundi kingine kilicho tayari. Ubia ni kuheshimiana.

Natanguliza shukrani.

Godson Lyatuu
Meneja wa Ubia na Mabadiliko ya Jamii


Kibondo
30 Septemba 2024

Bwana Godson Lyatuu,

Salaam. Barua yako tumeisoma mara mbili, mara ya pili kwa wale waliodhani hawakusikia vizuri.

Unasema tuhamishe majina yaliyokosewa yaende upande sahihi. Hatuhamishi hata moja. Kumtoa Bibi Ndihokubwayo chungwa kumpeleka bluu ni kukubali kwamba kuna bluu na chungwa. Na kuomba radhi, tunaomba radhi kwa jogoo, alikuwa mgumu. Kwa mengine hatuna kosa.

Umeandika kwamba ubia ni kuheshimiana, na hapo tunakubaliana nawe, kwa hiyo tukueleze tunavyouelewa sisi. Tumeendesha nyumba hii miaka kumi na miwili. Wamepita hapa wanawake mia nane na zaidi, na hakuna aliyefia njiani kati ya mlango wetu na kituo. Hiyo ndiyo takwimu yetu, ichukue, haina rangi. Mbia anayekuja kwenye kazi ya mtu huuliza kwanza kazi inafanywaje. Ninyi mlikuja mmeshajua tulivyo, mnatafuta tu wa kuvaa fulana. Mnataka kuwaonyesha watu wa kwenu kwamba mmeleta maelewano mahali ambapo maelewano yalikuwepo kabla hamjafika, na ili yaonekane ilibidi kwanza mtutenganishe.

Mkitaka kurudi, karibuni. Mje bila orodha. Mtakaa hapa siku tatu, mtabeba kuni na kumimina maharage yenu kwenye gunia, mtawasikiliza akina mama, ndipo tutaongea habari za mabati. Ukurasa wa tatu hautajazwa na sisi, wala kwa niaba yetu. Mchanga na mawe ni yetu na yanabaki.

Barua hii imepigiwa kura. Alama za dole gumba ziko thelathini na tisa. Wawili walikataa na sababu zao zimeandikwa kwenye muhtasari, kwa sababu hapa mtu haandikwi kitu asichokisema.

Esteri Ndayikunda
Mwenyekiti, kwa niaba yangu mwenyewe na ya waliokubali


Kasulu
4 Oktoba 2024

Mama Esteri,

Shikamoo. Sikuwa naumwa. Nilikaa nyumbani nimejifungia siku ile, kwa sababu nilijua fulana zipo kwenye gari na sikuwa na uso wa kukuangalia.

Ni mimi. Nilichukua majina yenu arobaini na moja kutoka ukurasa wa kwanza, nikakaa nayo mezani mchana mmoja, nikayagawa kwa kuyasikiliza. Jina lililosikika la ng'ambo nililiweka ng'ambo. Ndihokubwayo nikasema huyu ametoka Burundi. Yusta niliuona ubini wake, Niyomwungere, sikukumbuka kwamba ni wa mumewe. Theodosia ameandikwa Theodosia Sylvesta, nikasema huyu wa hapa. Miaka minne nimekaa kwenu, nimekula kwenu, nimezaa kwenu, na bado sikuwa najua kwamba majina ya Waha na Warundi ni ndugu, huwezi kumjua mtu kwa jina. Sikujua kwa sababu pale nyumbani kwenu hakuna aliyewahi kunipa sababu ya kujua. Nilipofika jina lako, mkono haukusita. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote, kwamba haukusita.

Nilijiambia nafanya kwa ajili ya paa. Kiukweli nilifanya pia kwa ajili yangu. Mkataba wangu ulikuwa unaisha Desemba na nilihitaji faili moja lipite.

Niliposikia alama za dole gumba thelathini na tisa zimefika, nilimwandikia mfadhili barua pepe moja kwa moja, nikampa nakala Bwana Godson. Nimesema orodha niliitunga mimi, kikundi kilikataa mara mbili kwa maandishi, na nikaambatisha barua zako za Julai na Agosti. Mfadhili amejibu kwamba majina yamefutwa kwenye mafaili yao. Pia amesema fungu haliwezi kubaki bila mgawanyo, kwa hiyo vitanda vinakwenda kwingine. Bwana Godson amenipa barua ya kuondoka. Hakunifokea. Alisema yeye mwenyewe hakuwahi kusoma ukurasa wa pili wa fomu yenu, ule wa kazi mnazofanya, mpaka mwezi uliopita.

Nitarudi Same au nitatafuta kazi ya kufundisha, bado sijui. Mama, je, mmenisamehe?

Herieth


Kibondo
13 Oktoba 2024

Herieth,

Umeniuliza kama tumekusamehe. Bado.

Nakueleza ilivyo huku ili usidhani tumekaa tukilia. Mvua ya kwanza ilinyesha Jumanne. Mkwe wa Yusta alijifungua Jumatano, mtoto wa kiume, baada ya kulala na beseni tumboni ili maji yasimdondokee. Yusta haongei nami. Ananipita uani kama nguzo, na simlaumu, kwa sababu paa angelipata na mimi ndiye niliyesimama mlangoni. Ningesimama tena. Lakini usiku nalihesabu lile beseni.

Tumeezeka nusu. Parokia imetoa mabati kumi na mawili yaliyobaki kwenye jiko lao, na Mzee Rashid wa msikitini ameleta manane na misumari, akasema asitangazwe, kwa hiyo nimetangaza kwako tu. Upande wa pili ni nyasi mpya. Marcel fundi anasema nyumba sasa ina nywele nusu na upara nusu.

Na kuna jambo jingine. Wanawake wa Munanila, ambao hatujawahi kuwaona, wametuandikia. Wanatunza wagonjwa majumbani, na taasisi nyingine kabisa imewapelekea fomu yenye ukurasa uleule. Walisikia habari zetu sokoni Kasulu, wakauliza tulijibu nini. Tumewanakilia barua yote, hata ile sehemu ya jogoo. Wamejibu kwamba na wao wameacha wazi, na wanataka tukutane baada ya mavuno, vikundi vyetu viwili na kingine cha Kasanda, tuandike fomu yetu wenyewe ambayo mfadhili ndiye atakayeijaza. Bibi Ndihokubwayo ameshatoa swali la kwanza: "Wewe unayeleta, ukiondoka kazi itafanywa na nani?" Ukiniuliza mimi, huo ndio ubia ulionihubiria mwezi wa saba, isipokuwa haukupita ofisini kwenu.

Sasa habari yako. Kikao kimekaa juu yako na nimetumwa nikuandikie. Wengine walisema usikanyage hapa tena. Theodosia alisema uje. Alisema mfadhili kufuta majina kwenye kompyuta yake huko kwao hakumfuti yeye kichwani mwa watu waliosikia kipaza sauti. Aliyetugawa kwa kalamu aje atukusanye kwa mdomo.

Kwa hiyo usiende Same kwanza. Njoo na kuni zako na maharage yako kama mtu mwingine yeyote. Utakwenda nyumba kwa nyumba, zote arobaini na moja, kwa Bibi na kwa Yusta pia, na kila mmoja utamketisha na kumwambia ulimwandika nani bila kumuuliza. Kisha utanyamaza, na yeye atakuambia yeye ni nani. Atakalosema ndilo utakaloondoka nalo. Daftari usije nalo. Winnie mlete, hana kesi.

Utaanza na mimi. Nitakuwa nimekaa mlangoni, na ukifika usiniamkie kwanza. Niambie ulichoniandika.

Esteri Ndayikunda